Juu ya Dhamana ya Kompyuta Kuukuu

Lugha yetu ina neno dhamana, na kila mzee aliyewahi kwenda mahakamani kumtolea kijana dhamana anaujua uzito wake. Mdhamini huweka jina lake, na pengine hati ya nyumba yake, ili mwenziwe asilale mahabusu. Kijana akitoroka, atakayeulizwa ni yeye. Vivyo hivyo katika vyama vya kuweka na kukopa. Mwanachama hapewi mkopo mpaka wenzake watie sahihi, nao hutia wakijua kwamba mkopaji akishindwa, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Kizazi changu, kilichoanza kazi katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, kilifundishwa hata cheo kukiita dhamana. Katika matumizi yote hayo kuna mtu, na mtu huyo yumo hatarini.

Siku hizi neno hilo limepata kazi nyingine. Ununuapo jokofu, simu au kompyuta unapewa karatasi. Dukani huiita waranti, na wanaopenda Kiswahili sanifu huiita dhamana. Nimekuwa nikijiuliza kama ni neno lile lile. Swali hili halikunijia kwa kupekua kamusi. Lilinijia pamoja na ankara ya shilingi 280,000.

Chama chetu cha walimu wastaafu ni kidogo, wanachama hawafiki mia. Kompyuta tunayo moja tu, ya mezani, yenye sanduku la kusimama sakafuni na skrini juu. Tuliinunua mwaka 2020 kwa shilingi 1,400,000, ikiwa na dhamana ya miaka mitatu. Mwaka 2023 tukalipia miwili zaidi. Muda huo ulipokaribia kwisha mwaka 2025, muuzaji alituletea barua ya heshima akitukaribisha kuongeza mwaka wa sita. Sina neno na muuzaji huyo. Mara mbili tulizomwita alikuja, na mara zote mbili ilikuwa feni iliyojaa vumbi. Ndani ya sanduku hilo, ndugu msomaji, zimo akiba zetu zote, mikopo yote, na majina ya waliomdhamini nani. Wengi wetu hatuna mali nyingine ya kuhesabika zaidi ya mstari mmoja katika faili ile.

Basi je, tulipe?

Swali la kulipia hatari ambayo huenda isifike lina umri mrefu. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli, wa ukoo wa Basel huko Uswisi, alichapisha makala yake mjini St Petersburg, na ndani yake akatoa mfano wa mfanyabiashara anayeleta shehena kwa meli kutoka Amsterdam. Ikifika, shehena itauzwa kwa rubo 10,000. Katika msimu ule, meli 5 katika kila 100 huzama. Wenye bima wanataka rubo 800. Kwa hesabu ya darasani, hatari yenyewe ina thamani ya rubo 500 tu, kwa hiyo 800 ni ghali. Lakini Bernoulli alisema hesabu haijakamilika mpaka tuulize mfanyabiashara yule ana nini kingine nyumbani. Kwa hesabu yake, akiwa na akiba ya zaidi kidogo ya rubo 5,000 pembeni, aibebe hatari mwenyewe. Akiwa na pungufu ya hapo, alipe, kwa sababu hasara itamfilisi. Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, na sijui mfano mwingine ulioingiza hali ya maskini ndani ya kanuni ya hesabu kwa adabu kama huu.

Nikachukua kalamu. Sanduku letu likifa kabisa, tunaweza kupata jingine lililotumika, la nguvu ile ile, kwa shilingi 450,000. Kulipa 280,000 ili kulinda 450,000 kuna maana tu ikiwa tunaamini kwamba katika miezi kumi na miwili mashine ina uwezekano wa kufa zaidi ya mara tatu katika tano. Na kompyuta ya mezani haifi yote kwa pamoja. Hufa kifaa cha kuingiza umeme, hufa feni, hufa diski. Ile betri ndogo mfano wa sarafu ikiisha, mashine husahau tarehe na kukuambia uko mwaka mwingine. Kijana fundi wa karibu na stendi hubadilisha kimoja kimoja, na sanduku hukufungulia mlango wake kwa skrubu mbili. Hasara ya namna hiyo chama kinaweza kuibeba. Mtaani kwetu tuna utaratibu wa kufa na kuzikana, ambapo kila nyumba hutoa mchango kila mwezi, awepo marehemu au asiwepo. Tofauti ni kwamba mwaka ukipita bila msiba, fedha zile zinabaki zetu.

Hesabu ingeishia hapo kama kitu kinacholindwa kingekuwa sanduku. Nilivaa miwani nikausoma mkataba jioni mbili. Ulikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa tatu wote ulikuwa wa yale ambayo dhamana haiyagusi: radi, umeme uliopanda ghafla, maji, wadudu, vumbi lililopita kiasi. Ukiondoa hayo, sijui mashine za mji wetu hufa kwa ugonjwa gani mwingine. Kisha kulikuwa na sentensi moja fupi iliyosema kwamba taarifa zilizomo katika mashine si jukumu la muuzaji. Na nyingine ikasema kwamba diski mbovu ikibadilishwa kwa dhamana, ile ya zamani inakuwa mali yake.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu. Diski iliyoharibika si lazima iwe tupu. Mara nyingi mtu mwenye ujuzi anaweza kuyatoa yaliyomo. Kwa hiyo tungelipa ili siku moja kijana mpole aje na diski mpya, aondoke na ya zamani, na ndani yake iwe imeandikwa nani alikopa kwa ajili ya upasuaji wa mke wake na nani ameshindwa kurejesha. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyenieleza shida yake ofisini hakuieleza kwa muuza kompyuta.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna karatasi ingeliponya. Mashine yetu inaendeshwa na Windows 10, na kampuni ya Microsoft ilikomesha matengenezo yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi cha mashine yetu. Yaani mwili ungeweza kudhaminiwa mwaka mzima ilhali kinga ya maradhi imekwisha. Mashine itabadilishwa tu, kwa dhamana au bila dhamana. Tulichokuwa tunajadili ni mwaka gani.

Nilidhani hoja hizo zingetosha. Hazikutosha, na aliyenionyesha kwa nini ni mweka hazina wetu, mwalimu wa miaka thelathini na tano kazini.

"Mwalimu," aliniambia, "tusipolipa, kisha mashine ikafa Januari watu wakitaka mikopo ya ada za wajukuu, tutawaambia nini? Tukilipa, hata ikifa, tutawaonyesha mkataba."

"Mkataba tutawaonyesha, Mama. Na daftari la akiba zao?"

Akanyamaza kidogo. "Angalau hawatasema tulizembea."

Namheshimu kwa kulisema waziwazi jambo ambalo viongozi wengi hulificha. Shilingi 280,000 hazikuwa bei ya matengenezo. Zilikuwa bei ya jibu. Na hapa ndipo penye swali la maadili, kwa sababu fedha za jibu hilo si zake wala si zangu. Mtu akitumia fedha yake kununua usingizi, sina ugomvi naye; hata chandarua tunanunua bila kumhesabu mbu. Lakini je, ni halali kiongozi kununua udhuru wake kwa akiba za anaowaongoza?

Jibu la haraka ni hapana, nami siku zote hulishuku jibu la haraka. Fikiri hali ya mama huyu. Ni mjane, anaishi mtaa mmoja na nusu ya wanachama, anakutana nao sokoni na msibani. Kwetu, fedha zikipotea, aliyezishika huitwa mwizi asubuhi, na uchunguzi hufanywa jioni kama hufanywa. Hofu yake si ya majivuno. Tena hofu ya kuulizwa ni kitu chema kwa kiongozi. Nimewahi kufanya kazi na wasiokuwa nayo. Anayeogopa kuulizwa hutunza risiti. Kama karatasi ile ingemkinga mtu mwaminifu na tuhuma ya uongo, pengine chama kilikuwa na wajibu wa kumnunulia, kama kinavyomnunulia kufuli la kabati.

Lakini haikumkinga. Siku mashine ikifa, hakuna mwanachama atakayeuliza habari ya sanduku. Watauliza akiba zao ni kiasi gani. Kwa swali hilo mkataba hauna jibu, na umesema hivyo wenyewe katika ukurasa wa tatu. Mama angesimama mbele ya watu ameshika karatasi ya muuzaji aliyekwisha jitoa. Mdhamini wa kweli wa daftari lile alikuwa yeye, nilikuwa mimi, na hakuna duka lililokuwa likitusogeza pembeni kwa bei yoyote. Tungelipa na bado tungebaki wadhamini, ila tungekuwa tumejisahaulisha.

Kwa hiyo nilipendekeza fedha ile ile itumike kwa namna nyingine. Shilingi 160,000 zinunue diski ya nje, na kila Ijumaa nakala ichukuliwe na kufungwa kwa neno la siri, ikae katika nyumba isiyo jirani na ofisi. Mwisho wa mwezi daftari lichapwe katika karatasi, watu wawili watie sahihi, na kila mwanachama apewe mstari wake auhakiki mwenyewe. Vijana huona karatasi ni ushamba. Mimi nilikuwa kijana mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na nakumbuka kwamba leja zilifungwa kila mwezi na mishahara ya walimu ilifika, japo kwa kuchelewa. Shilingi 120,000 zilizobaki ziwe mwanzo wa mfuko wa mashine mpya.

Sikudai kwamba mpango huu hauna hatari. Chama kidogo kuliko chetu, kisichoweza kupata 450,000 bila kusimamisha mikopo, ningekishauri kisome kwa makini zaidi, na huenda kilipe, Bernoulli angekubali. Na nakala za Ijumaa zinamtaka mtu atakayezichukua hata Ijumaa ya mvua. Karatasi ya muuzaji haikudai lolote kwetu zaidi ya malipo, na hilo, nadhani, ndilo lililokuwa likituvutia.

Kamati yetu ina watu saba. Wanne walikataa kuongeza dhamana, watatu walitaka tuongeze, mweka hazina akiwa mmoja wao. Aliomba maoni yake yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, nami nikamwambia katibu ayaandike kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyalainisha. Baadaye kamati ilipotafuta nyumba ya kuhifadhi nakala, ni yeye aliyejitolea. Ijumaa ya kwanza aliikunja diski ndani ya khanga, akaitia katika mkoba, kisha akageuka mlangoni na kuniuliza kama nayo ina waranti. Nilitazama boksi. Ilikuwa na ya miaka miwili.