Je, Anayenunua Naye Ana Hatia?

Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja swali moja: kitu kikipatikana kwa njia mbaya, je, hatia ni ya aliyekileta tu, au anayenunua naye ana sehemu yake? Tutachukua mfano wa mbali, yaani samaki wa urembo, kwa sababu kosa la mbali mara nyingi huonekana wazi kuliko la karibu.

Huko Marekani na Ulaya kuna familia nyingi zinazofuga samaki wadogo wa rangi ndani ya tangi la kioo sebuleni. Si wa kula, ni wa kutazama. Wale wa maji ya chumvi wengi hawazaliwi kwenye mabwawa ya kufugia. Huvuliwa baharini katika miamba ya matumbawe, hasa Ufilipino na Indonesia. Na tumbawe si jiwe tupu. Ni viumbe hai vidogo vinavyojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya nyumba hiyo samaki hujificha.

Tangu miaka ya 1960, baadhi ya wavuvi wa Ufilipino walianza kutumia sianidi, sumu ile ile inayotumika kuchenjua dhahabu. Vidonge vyake hupondwa na kuchanganywa na maji ya bahari katika chupa ya plastiki, kisha mpiga mbizi huipuliza ndani ya pango la mwamba. Samaki hulewa, naye humkamata bila shida. Wengine hufa papo hapo. Wengine hufa siku kadhaa baadaye, wakiwa safarini au wakiwa tayari kwa mnunuzi. Matumbawe yaliyopulizwa hupauka, na yakipulizwa mara kwa mara hufa. Mwamba ukifa, samaki hawana kwao tena. Sisi tunajua maana ya neno hilo.

Mpiga mbizi naye yumo hatarini. Wengi hupumua kwa mpira mrefu uliounganishwa na kompresa iliyoko mtumbwini. Akikaa sana kilindini na kupanda haraka, mapovu ya hewa hujitokeza mwilini. Wapo waliopooza, na wapo waliokufa.

Sheria ya uvuvi ya Ufilipino ya mwaka 1998 inakataza sumu hii na kuweka adhabu ya kifungo. Hata hivyo haijakoma, kwa kuwa mnunuzi yupo na mnunuzi haulizi. Samaki wa sumu na samaki wa wavu, wakishaingia kwenye kioo, wanafanana.

Wapo watakaosema: "Mimi sikupuliza sumu. Tena Mtume Paulo aliruhusu kununua cha sokoni bila kuulizauliza." Ni kweli, tunasoma hayo katika 1 Wakorintho 10. Lakini pale ilikuwa habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Sanamu si kitu, wala nyama ile haikumdhuru mtu. Sumu ni kitu. Inaua. Na hata kwa nyama ile Paulo alisema mtu akikujulisha ilikotoka, uiache kwa ajili ya dhamiri ya mwenzako. Tumkumbuke pia Daudi katika 2 Samweli 23. Mashujaa watatu walimletea maji ya Bethlehemu kwa kuhatarisha maisha yao, naye akakataa kuyanywa. Hakuwa amewatuma, lakini aliona kwamba bei ya maji yale ni damu ya watu.

Basi, je, tuseme mtu asinunue kabisa? Hapo tuwe waangalifu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu waliovua kwa dawa ya wadudu. Hatua ile ilikuwa na sababu, lakini walioumia ni pamoja na wavuvi waliotumia nyavu kwa uaminifu. Huko Ufilipino pia wapo waliofundishwa kuvua samaki wa urembo kwa nyavu ndogo, bila sumu. Mnunuzi akiwakimbia wote, anamwadhibu mwema pamoja na mbaya. Kilicho bora ni kuuliza samaki amevuliwaje, na kukubali kulipa zaidi kwa yule aliyevuliwa vizuri. Asiyepata jibu anaweza kuacha. Hakuna mtoto atakayelala njaa kwa kukosa samaki wa kutazama.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi biashara ya koltani, dhahabu na madini mengine ilivyosaidia kuendesha vita vya Kongo. Wengi wetu tumewalaumu wanunuzi wa mbali ambao hawakutaka kujua. Tulikuwa na haki. Lakini kipimo kile kile kinatuhusu nasi. Sokoni kwetu huletwa samaki wa mtoni, na wapo wanaovua kwa utupa au kwa dawa ya shambani. Huletwa mkaa wa miti ya mwenyeji wetu. Huletwa bati ambalo jana lilikuwa juu ya nyumba ya mtu. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, hiyo bei yenyewe inatuuliza swali.

Hatusemi kwamba mama mwenye sarafu moja na watoto watano anabeba mzigo sawa na mwenye uwezo wa kuchagua. Aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Lakini kuuliza hakuna gharama. Anayeweza kuuliza akanyamaza ili apate rahisi, huyo ameshachagua.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Ni bidhaa gani hapa kambini tunazinunua bila kuuliza zilikotoka?
2. Tufanye nini kwa jirani anayeuza vitu vya namna hiyo kwa sababu ya njaa?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.