Adabu ya Ngazi na Adabu ya Mlango

Hakuna malalamiko yanayopata wasikilizaji wepesi kuliko haya: kwamba adabu imekwisha. Popote penye watu wazima watatu, mmoja akisema kuwa watoto wa siku hizi hawaamkii, hapatokei wa kumpinga. Wa pili ataongeza habari ya bibi aliyesimama ndani ya daladala ilhali vijana wameketi, na wa tatu atataja simu. Watatikisa vichwa, kisha kila mmoja atakwenda zake akiamini kwamba yeye yumo katika wachache waliosalia. Mimi naona makubaliano mepesi namna hii yanastahili kutiliwa shaka. Jambo likikubaliwa na wote kabla ya kuulizwa, aghalabu huwa halijaulizwa.

Basi na tuulize. Adabu ipi hiyo iliyokwisha? Lugha yetu ina maneno mengi katika mlango huu: adabu, heshima, staha, haya, murua, ustaarabu, uungwana, utu. Sikusomea falsafa katika chuo chochote. Elimu yangu nimeiokota katika vitabu vya kuazima na katika kazi ya kufasiri, kazi ambayo humlazimisha mtu kulipima kila neno kabla ya kulihamisha. Katika kupima huko, neno moja limenifunza kuliko mengine yote, nalo ni uungwana.

Leo tukimwita mtu muungwana, tunasifu mwenendo wake: ana kauli njema, haoni tabu kumpisha mwenziwe. Husemwa pia kwamba uungwana ni vitendo. Lakini neno hili halikuzaliwa hivyo. Katika miji ya pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, tena aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Mtu aliweza kuwa mkali wa ulimi na mchoyo wa salamu, naye akabaki muungwana, kwa kuwa uungwana ulitoka katika nasaba. Na mtumwa aliweza kuwa mpole kuliko watu wote wa mtaa asiupate uungwana huo hata kidogo.

Hiyo ndiyo adabu niiitayo ya ngazi. Kazi yake ni kumwonyesha kila mtu daraja alilosimama. Hupanda kutoka chini kwenda juu, kama moshi, na aliye juu hadaiwi kuirejesha. Wala haikuwa adabu ya watu wabaya. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, ni mwalimu mkubwa wa murua: anamfunza mtoto kuwa na uso mkunjufu, ulimi wa adabu, na mapenzi kwa watu. Lakini katika wosia huo huo anamwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Sisemi haya ili kumhukumu marehemu kwa sheria za zama zetu. Nasema kwamba ngazi ilikuwa imejengwa ndani ya nyumba njema, na wema wa nyumba haukuiondoa.

Ngazi hiyo ilitikisika kwa amri za serikali na kwa ukaidi wa watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria mwaka 1897 hapa visiwani, na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya. Miongoni mwa alama za mtumwa ilikuwa kwenda miguu mitupu na kichwa wazi. Haikupita muda mrefu, wanaume waliokuwa watumwa wakavaa kanzu na kofia, na wanawake wakajitanda kanga, wakataka waitwe na kuamkiwa kama watu wengine. Sina shaka walikuwapo waliosimama madirishani wakatazama kofia hizo zikipita, wakaambiana kwamba adabu imekwisha. Nao, kwa kipimo chao, walisema kweli, kwani adabu waliyoijua wao ilikuwa inakwisha. Lakini nani kati yetu leo angetaka irudi?

Tazama tena salamu ya shikamoo. Inasemwa kwamba asili yake ni "nashika miguu yako", na wapo wanaotaka tuiache kwa sababu inanuka utwana. Mimi naona wanaisoma historia ya neno na kuisahau safari yake. Leo shikamoo haiulizi nasaba wala mali. Mtoto wa waziri akikutana na mzee muuza njugu, anayedaiwa shikamoo ni mtoto wa waziri. Neno lililoinama mbele ya cheo limegeuzwa likainama mbele ya umri, na umri hauna ukoo: aliye hai ataufikia, akijaaliwa. Tena lina jibu lake, marahaba, ambalo ni haki ya aliyeamkia. Mzee anayepokea shikamoo kwa kutikisa kidevu bila ya kujibu, kisha akalalamika kwamba vijana hawaamkii, amekula deni na analaumu kwamba hakopeshwi tena.

Hapa ndipo ninapofikia adabu ya pili, ambayo naiita ya mlango. Mfano wake bora ni hodi. Mtu husimama nje, kando kidogo ili jicho lisitangulie mguu, akapiga hodi. Asipojibiwa hupiga tena, na tena mara ya tatu. Kisha hurudi alikotoka bila kinyongo. Katika mafunzo ya dini yetu mpaka huo wa mara tatu unajulikana, na mwenye nyumba ana haki ya kutoitika. Fikiri ni nani anayepigiwa hodi. Tajiri hupigiwa, na mjane mwenye chumba kimoja cha makuti naye hupigiwa. Hodi haiulizi mlango umechongwa nakshi au umefungwa kwa gunia. Inasema: ndani humu mna mtu, na ndani kwake ni kwake mpaka aseme karibu.

Lugha yetu ina maneno mengine ya aina hiyo. Liko neno pole, ambalo kila mfasiri hulipigania. Mwenzio akijikwaa barabarani unamwambia pole, ingawa si wewe uliyeliweka jiwe. Mzungu akifasiriwa neno hilo kwa neno lake la kuombea radhi hushangaa, akajibu kwamba si kosa lako. Kwetu pole haihitaji kosa. Inatosha kwamba wewe umeumia na mimi nimeona. Liko na starehe, neno la mtu anayeingia akakuta wenzake wanataka kuinuka kwa ajili yake: huwaomba waendelee kukaa. Aliyestahili kuinukiwa ndiye anayewaondolea wengine taabu hiyo. Katika neno moja ngazi inashushwa na aliye juu yake.

Tukizitenga adabu hizi mbili, swali letu linabadilika sura. Adabu ya ngazi imepungua, nami siililii. Mshairi wa Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama magofu ya Pate na kuwakumbuka matajiri waliotembea wakifuatwa na makundi mbele na nyuma. Hakuomba warudi. Aliutumia mfano wao kuionya nafsi yake. Nasi tungefuata njia hiyo: tuyatazame tuliyoyapoteza kama mtu anayechagua mawe ya kujengea katika gofu, si kama mtu anayetaka gofu lisimame tena.

Lakini adabu ya mlango je? Hapa sitajifanya kwamba yote ni salama. Adabu hii inahitaji vitu viwili, nafasi na subira, na vyote viwili vimekuwa adimu. Nafasi yake ilikuwa daka na baraza, pale penye benchi la mawe kati ya njia na nyumba, ambapo mgeni hakuwa nje kabisa wala ndani kabisa. Mtoto aliyepita hapo mara kumi kwa siku aliamkia mara kumi, akafunzwa bila ya kuambiwa kwamba anafunzwa. Nyumba nyingi tunazojenga sasa zina ukuta na geti, na geti halina pa kukaa. Kweli, watu hawashindwi: hata chini ya majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana na wazee wamejitengenezea barazani pao. Lakini wamefanya hivyo licha ya mchoro wa jengo.

Na simu ndiyo mlango mpya usio na kizingiti. Hulia tukiwa mezani, tukiwa msibani, tukiwa katikati ya maneno ya mtu. Aliyepiga haulizi tumeamkaje. Huuliza tuko wapi. Ujumbe wa Ijumaa hutumwa kwa watu mia mbili kwa mguso mmoja, wenye maua na dua, na hakuna hata mmoja kati ya mia mbili hao aliyeamkiwa kwa jina lake. Hata hivyo simu hiyo hiyo humwezesha kijana aliyeko Muscat au London kumwamkia mama yake kila asubuhi, jambo ambalo baba zetu walilifanya kwa barua moja katika miezi mitatu. Chombo hakina adabu wala ufidhuli. Mwenye kukishika ndiye anayekumbuka, au kusahau, kwamba upande wa pili mna mtu na nyumba yake.

Basi kama ningetaka kujua hali ya adabu katika mji wowote, nisingewatazama watoto na wazee. Ningetazama nyumba yenye mtumishi. Humo utamkuta mtoto wa miaka kumi aliyefunzwa vizuri: mgeni akiingia humbusu mkono, humwita ami au shangazi, huleta maji kwa mkono wa kulia. Wageni humsifu, na mama hufurahi. Kisha mtoto yule hugeuka na kumwita kwa jina tupu, kwa sauti ya amri, mwanamke wa miaka hamsini anayemfulia na kumpikia, na hakuna mtu barazani wala ukumbini anayegutuka. Mtoto huyo hana upungufu wa adabu ya ngazi; anayo tele. Anajua barabara ni nani wa kubusiwa mkono na ni nani wa kupigiwa kelele. Adabu ya mlango ndiyo ambayo hakufunzwa. Na waliokosa kumfunza ni sisi tunaolalamika.

Hali ni hiyo hiyo madirishani mwa ofisi, ambako mwenye muhuri humwacha mwenye shida asimame, na akitokea mkubwa husimama yeye. Hali ni hiyo kwa utingo wa daladala, ambaye tunamwona mhuni kwa sababu anatuhimiza tusogee, ilhali tangu alfajiri hajaambiwa hata sabalkheri na abiria mmoja.

Nasikia pingamizi, nayo si ya kupuuzwa. Msomaji atasema: ngazi hiyo hiyo unayoikebehi ndiyo iliyotufunza. Mtoto hawezi kuanza kwa kuelewa utu. Huanza kwa kuogopa, kisha akazoea, kisha akapenda. Ukiiondoa ngazi, atapandia wapi? Nakubali nusu ya hoja. Ni kweli kwamba umbo hutangulia moyo. Hatungoji mpaka tumpende jirani ndipo tumpigie hodi. Tunapiga hodi kila siku, na katika kupiga huko moyo hujifunza kwamba jirani ana mlango. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema salamu ni maneno matupu, yafaa tuyaache tubaki na ukweli wa moyo. Moyo usio na maneno husahau upesi. Nusu nyingine siikubali. Umbo linaweza kufunzwa bila ya kumwonyesha mtoto watu wa kudharauliwa. Yule mtoto wa miaka kumi angeongezewa shikamoo moja tu kila asubuhi, aende nayo jikoni, na somo lingekamilika.

Wengine wataogopa kwamba adabu ya namna hii itatulegeza, tushindwe kuambiana ukweli. Wapenzi wa mashairi hawana haja ya hofu hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa na uhasama wa vita, na maneno yao yalikuwa makali. Lakini mkali mmoja alimngoja mwenzake amalize, akalishika fumbo lake, akalifumbua, ndipo akarudisha. Alimpinga kwa kumsikiliza. Kumkatiza mtu, au kumpita kama kwamba hakusema, ni jambo tofauti na kumpinga, na ndilo linaloumiza zaidi.

Na washairi wetu wameihifadhi hodi hata pale ambapo hakuna mlango wa kuonekana. Ni desturi ya miaka mingi kwa mtunzi anayepeleka shairi gazetini kuanza kwa kubisha: humwomba mhariri nafasi, huwaomba radhi waliomtangulia, ndipo akasema lake. Vijana wengine huona beti hizo ni za kupoteza wino, na wahariri wengine huzikata. Mimi huzisoma kwa makini. Mtunzi hajui ni nani atakayelifungua gazeti hilo, kama ni mwenye cheo au mfungia maandazi. Anajua tu kwamba msomaji anaweza kugeuza ukurasa bila ya kumwitika, na kwamba hiyo ni haki yake. Kwa hiyo husimama nje kwanza, kando kidogo, na kuomba.