Bunduki Nyumbani: Nani Atajibu?

Mtu akisha kupata leseni ya bunduki na kulipa ada zote, hudhani kwamba wajibu wake umekwisha. Sisi twaona ya kuwa ndipo unapoanza. Tangu siku silaha ile ilipoingia chini ya paa lake, liko swali moja ambalo leseni haiwezi kulijibu: je, mkono mwingine ukiitwaa na kumwaga damu, mwenye silaha atakuwa na hatia?

Wapo wasemao hapana. Kila mtu, wasema, hubeba dhambi yake mwenyewe. Na kisu kilichoibwa jikoni hakimfanyi mwenye jiko kuwa mwuaji. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala hatutaki kuidharau. Lakini kisu kina kazi mia, na bunduki kazi yake ni moja. Tena jambo hili lilikwisha pimwa zamani. Sheria ya Musa ilimwachilia mwenye ng'ombe ambaye mnyama wake aliua mtu kwa pembe pasipo kutazamiwa. Bali yule aliyekwisha onywa kwamba ng'ombe wake hupiga watu, naye asimfungie, alihukumiwa pamoja na mnyama. Kiini cha neno ni onyo. Na ni nani mwenye bunduki leo awezaye kusema kwamba hakuonywa?

Mahakama za siku zetu zimeanza kuifuata njia hiyo hiyo. Tarehe 30 Novemba 2021, katika shule ya Oxford, jimbo la Michigan huko Marekani, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne tu kabla. Mwaka 2024 mama na baba walitiwa hatiani, kila mmoja kwa kesi yake, kwa kosa la kuua bila kukusudia, nao wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Hakuna aliyedai kwamba wao ndio waliofyatua risasi. Shtaka lilikuwa kwamba silaha haikufungiwa ipasavyo, na dalili za mashaka ya kijana hazikusikilizwa.

Ikiwa ndivyo, basi kuchagua sefu ya kutunzia bunduki si sawa na kuchagua kabati la nguo. Muuzaji atazungumza habari za mwizi, na maneno yake yastahili kusikilizwa. Kipimo cha Uingereza cha mwaka 1992 kwa makabati ya bunduki chataka bamba la chuma lisilopungua unene wa milimita 2. Huko Marekani sefu nyingi za nyumbani hujaribiwa kwa kushambuliwa kwa zana za mkono muda wa dakika 5 tu. Maana yake, hata iliyofaulu humchelewesha mwizi, haimshindi. Na iliyo nyepesi, isiyofungwa kwa bolti katika zege la sakafu au ukuta, mwizi hana haja ya kuivunja: huibeba mzima mzima.

Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wa kuogopwa zaidi si ule uvunjao dirisha usiku, bali ule ulio ndani mchana kutwa: mtoto mwenye udadisi, kijana aliyekata tamaa, ndugu aliyelewa. Kwa hao unene wa chuma si kitu, kama ufunguo unalala juu ya kabati, au kama tarakimu za siri ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba. Wala tusidanganywe na upya wa mitambo. Mnamo Oktoba 2023 tume ya Serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa sefu 61,000 hivi zifunguliwazo kwa alama ya kidole, kwa kuwa ziliweza kufunguliwa na kidole cha mtu yeyote, hali mwenyewe akiamini zamtambua yeye peke yake. Shauri lililofikishwa mahakamani lilitaja kifo cha mtoto wa miaka 12.

Utafiti uliochapishwa na waganga wa nchi hiyo mwaka 2005 ulionyesha njia iliyo salama zaidi: bunduki itolewe risasi, ifungiwe, risasi nazo zifungiwe, tena mahali mbalimbali na bunduki. Kila moja ya hatua hizo nne iliambatana na upungufu wa ajali na wa kujiua kwa watoto na vijana. Sababu yaeleweka. Saa ya kukata tamaa mara nyingi ni fupi, na mlango uliofungwa humpa mtu muda wa kurudiwa na akili zake.

Mtu atauliza: silaha iliyofungiwa itanifaa nini jambazi akija? Twajibu kwamba jambazi huenda akaja usiku mmoja katika maisha yote, au asije kamwe. Mtoto yumo nyumbani kila siku. Na ziko sefu ndogo imara, zenye vitufe, zifunguliwazo kwa muda mfupi gizani na mtu azijuaye.

Basi neno letu kwa wazazi wenye leseni ni hili. Sefu nzuri ni sehemu ya bei ya bunduki. Asiyeweza kuinunua, hakuweza kuinunua bunduki pia, hata kama fedha yake ilitosha dukani. Na katika nyumba ambamo mmoja amelemewa na huzuni nzito, hata sefu bora isitegemewe: silaha itoke kwanza, ikabidhiwe polisi kwa utaratibu wa sheria, hata hapo moyo utakapotulia. Leseni hupewa mtu mmoja. Usalama ni haki ya wote walalao chini ya paa lile, na ya jirani zao.