Ufunguo wa Ukumbi Ulikuwa Mfukoni Mwangu



Huku Itumba mvua ikianza haikuachii kirahisi. Jioni moja ya masika tulijibana kibanda umiza kuangalia mpira wa kikapu kutoka Kigali, BK Arena. Jamani, lile jengo! Viti 10,000, vyote chini ya paa. Lilijengwa kwa miezi sita tu, likafunguliwa Agosti 2019, na Ligi ya Kikapu ya Afrika ilipoanza mwaka 2021 mechi zote zilichezwa mle, wakati huo likiitwa bado Kigali Arena. Wiki nyingine utasikia kuna tamasha la muziki, palepale. Kumbi za namna hiyo, mchezo ukiisha, sakafu ya mbao inafunikwa au inang'olewa vipande vipande, jukwaa linafungwa, nyaya zinavutwa. Wanaoifanya kazi hiyo usiku kamera haiwaonyeshi.

Mwenzetu mmoja wa VIWAWA akasema, "Tungekuwa na kitu kama kile huku, vijana wangejaa kanisani." Mimi niliitikia kuliko wote. Na ukumbi tunao! Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Ni ukumbi mdogo wa kigango, bati juu, saruji chini. Kanisa letu bado linajengwa, kwa hiyo Misa ni humo humo. Jumatano kwaya, Ijumaa meza tenisi, Jumamosi harusi za watu. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wote kwamba harusi ikiisha, vijana tutasafisha na kupanga mabenchi.

Jumamosi hiyo nilicheza muziki mpaka saa saba usiku. Nikafunga mlango, nikaenda kulala. Nilijiambia nitaamka mapema (si unajua uongo wa saa saba usiku).

Niliamka saa moja na nusu, Misa ni saa mbili. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, maana katekista wetu ana ufunguo wa akiba. Mzee wa watu, mgongo unamsumbua, alikuwa amepiga magoti anakwangua keki iliyokanyagwa sakafuni, pale pale inapowekwa altare. Mama wawili wa WAWATA walikuwa wanatoa chupa za soda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Shika benchi upande ule."

Basi. Hakusema lingine. Bora angenigombeza.

Kwenye Misa ile sikusikiliza mahubiri. Nilikuwa nafikiria Matendo ya Mitume sura ya 19. Watu wa Efeso walikimbilia kwenye ukumbi wao mkubwa wa michezo, wakiwaburuta Gayo na Aristarko, wenzake Paulo. Walipiga kelele kama saa mbili nzima. Na Luka anaandika kitu ambacho nilikuwa nakipita tu: wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Aya ya 32, kaisome mwenyewe.

Nilijiona katika umati ule. Ijumaa nilikuja kwa ajili ya meza tenisi, Jumamosi kwa ajili ya spika, na Jumapili nilikuja kwa sababu ni Jumapili. Ukumbi hauna kosa, hata kucheza harusini si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda harusi ya Kana. Lakini pale Kana kulikuwa na watumishi waliojaza maji mabalasi sita mpaka juu, na kati ya wote waliokunywa, wao ndio waliojua ile divai imetoka wapi (Yoh 2:9). Wageni hawakujua. Hata mkuu wa meza hakujua.

Baada ya Misa nilimrudishia mzee ufunguo. Akaupokea, akampa binti mmoja wa kwaya. Iliniuma, sitadanganya.

Jumamosi hii kuna harusi nyingine. Nimemwomba yule dada anihesabu kwenye watu wa deki, amekubali. Tunaanza wageni wakitoka, hata kama ni saa saba usiku. Ndoo zipo tatu, mafagio hayatoshi. Ukija, njoo na lako.