Deni Lisilo na Karatasi



Marehemu baba alikuwa na gereji hapa Buyenzi, Bujumbura. Siku ya maziko ami alitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba mwenye kumdai aje kwa familia. Wakaja wawili, wakalipwa kabla ya mirathi, maana Suratun-Nisaa imetanguliza wasia na deni mbele ya mafungu ya warithi. Tukadhani tumemaliza.

Mwezi wa nne akaja fundi mmoja, rafiki yake wa siku nyingi. Alisema alimkopesha faranga 600,000 za kununulia injini. Hana karatasi, hana shahidi. Sharia iko wazi, mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Ami akamweleza hivyo kwa upole, mtu akaondoka.

Mimi sikulala. Akiwa mkweli, baba yuko kaburini na deni, naye Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataa kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Akiwa mwongo, nitakuwa nimewadhulumu wadogo zangu mayatima, ambao mali yao si yangu kuifanyia ukarimu. Nikalipa kutoka fungu langu mwenyewe, kidogo kidogo. Hadi leo sijui kama nimemtua baba mzigo au nimemnufaisha tapeli.

Neno moja la baba lingetosha. Na alitaka kulisema! Aliugua miezi mitatu, na kila alipoanza, "Nikiondoka…", tulimkatiza: usijichurie, baba, utapona inshallah. Tuliuita huo upole. Nikiupima leo, tulikuwa tunajihurumia sisi, si yeye.

Hadithi ya Ibn Umar tunaijua: Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Sisi wanafunzi huipita haraka, tukisema hatuna mali, hiyo ni ya wazee wenye nyumba. Basi nikachukua daftari nijaribu. Faranga 35,000 za mwenzangu wa chumbani. Kompyuta niliyoazima tangu muhula uliopita. Siku mbili za Ramadhani sijazilipa. Kisha kalamu ikasimama: michango ya futari ya jumuiya yetu imo kwenye simu yangu, imechanganyika na pesa yangu ya chakula, na namba ya siri naijua peke yangu. Ningekufa usiku ule, amana ya watu ingegawanywa kama mirathi yangu, na mama angeila bila kujua.

Jumamosi nilimpelekea mama ile karatasi, tukiwa na mashahidi wawili, ami na jirani. Aliisoma, akaigeuza uso chini.

"Unanichuria, mwanangu? Nikuzike wewe?"

Sikuwa na jibu. Ami akanyamaza pia. Mama akainuka kuchemsha chai, akakawia jikoni. Aliporudi alikaa karibu yangu.

"Ile kalamu unayo?" akauliza. "Andika. Kwanza, kuna pesa za upatu za kina mama."