Je, Wimbo Usio na Dawa Una Faida?

Wapendwa, kuna swali linalotujia kila mara vijana wetu wanapotaka kuimba juu ya mambo magumu: ya nini kutaja uchungu ambao hatuwezi kuuondoa? Tulitazame kupitia vijana watatu wa Chile.

Mwaka 1973 Jenerali Augusto Pinochet aliipindua serikali iliyochaguliwa na wananchi. Siku chache baadaye wanajeshi walimuua mwimbaji Víctor Jara, na kila mwanamuziki akajua neno linaweza kumgharimu nini mtu. Chini ya utawala huo walikua Jorge González, Claudio Narea na Miguel Tapia, waliosoma shule moja huko San Miguel, mtaa wa watu wa kawaida jijini Santiago. Wakaanzisha bendi ya roki, wakaiita Los Prisioneros, yaani Wafungwa. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1984, kanda elfu moja tu kwa kuanzia. Ya pili, Pateando piedras, ilitoka mwaka 1986.

Humo mna wimbo uitwao El baile de los que sobran, ngoma ya wale waliozidi. Haumtaji mtawala kwa jina. Unawasema vijana walioahidiwa kwamba masomo yatawafungulia maisha, kisha wakabaki mitaani wakipiga mawe mateke, huku nafasi zikienda kwa wenzao wenye uwezo.

Mtu atasema: wimbo haukumwondoa Pinochet. Ni kweli, kura ya maoni ya mwaka 1988 ndiyo iliyomkataa, naye akaondoka madarakani mwaka 1990. Wala wimbo haukumpa kijana yeyote kazi.

Lakini sisi wauguzi tunafundishwa kumwuliza mgonjwa panapomuuma, na kuandika anavyosema yeye, si tunavyodhani sisi. Kuuliza huko si tiba, ila bila kuuliza, tiba hutolewa gizani. Tena mgonjwa asiyesadikiwa huumwa mara mbili: kwa ugonjwa na kwa upweke. Utawala wa mabavu hustawi katika upweke huo. Kila asiye na kazi hujiona mvivu, kila aliyeonewa hujiona peke yake. Wimbo unapotaja jambo hilo, aliyejilaumu hugundua kwamba mtaa mzima una maumivu yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kanisa huko Chile nalo lilifanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1976 Kardinali Raúl Silva Henríquez aliunda ofisi iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad. Ilizipokea familia za waliokamatwa na kupotea, ikaandika majina na habari zao. Haikuweza kuwafufua waliouawa. Hata hivyo, utawala ulipokwisha, tume iliyochunguza ukweli ilizitumia kumbukumbu hizo.

Mwaka 2019 umati wa watu uliandamana Santiago, na wimbo uleule ukaimbwa tena barabarani. Mtawala alikuwa ameondoka miaka mingi, lakini waliozidi walikuwa bado wapo.

Hapo ndipo swali linapotugeukia. Baadhi yetu tulitoka nchi ambako kusema kulikuwa na gharama. Huku ugenini hakuna anayetukamata kwa kusema, na bado tunanyamaza kwa aibu. Mwenye shahada isiyotambuliwa hapa anapakua mizigo usiku, na akipigiwa simu kutoka nyumbani anajibu, "Tuko salama." Katikati yetu wamo waliozidi, nao wanakaa viti vilevile tunavyokaa sisi.

Si kila kelele ni ukweli, na matusi hayaponyi mtu. Lakini kijana akituletea wimbo mgumu, tusianze kwa kumdai dawa. Tumwulize kwanza panapouma, kisha tukae tumsikilize mpaka amalize.

Mazungumzo yataendelea baada ya ibada, kwenye chai. Karibuni nyote.