Maiki Ilisikia Kila Kitu

Vijana wenzangu, leo naomba niwasimulie jambo lililonitia aibu.

Jumamosi moja jioni nilikaa kwenye kompyuta yetu ya mezani pale sebuleni nirekodi tafakari ya kutuma kwenye kundi la vijana wa jumuiya. Nilikuwa na maiki mpya ya waya, ile yenye pini ndogo ya milimita 3.5. Nikachomeka, nikabonyeza kitufe chekundu kwenye Audacity, nikaongea dakika tatu nzima. Kusikiliza: kimya!

Kumbe nimechomeka kwenye tundu la kijani. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, kijani ni la kutoa sauti kwenda kwenye spika. La kupokea sauti ya maiki ni la pinki. Nikahamisha waya. Bado. Nikafungua mipangilio ya sauti, nikakuta kompyuta imechagua maiki ya kamera. Nikachagua ile yangu, nikapunguza kiwango cha kupokea, maana kikizidi sauti inapasuka na kuitengeneza baadaye ni shida. Nikazima feni, nikaweka maiki kama shubiri moja kutoka mdomoni. Hapo ikakubali.

Mada yangu? Upole nyumbani.

Usiku nikavaa hedifoni nikate makosa. Nikajisikia nikihubiri vizuri tu, halafu kwa mbali sauti ya Mama kutoka jikoni: "Mwanangu, njoo unishushie hii sufuria, mkono unaniuma." Na mimi, kwa ukali: "Mama, si nimeshasema narekodi! Mbona huelewi?" Kimya kidogo. Sufuria ikagonga chini. Kisha mimi tena, sauti laini kama asali: "Tuendelee, wapendwa."

Jamani. Nilirudia pale mara tatu. Wakati natamka maneno yale sikuyasikia kabisa. Maiki iliyasikia.

Nikachagua kile kipande, nikakifuta. Sekunde moja tu, hakuna ambaye angejua. Lakini usingizi haukuja. Kufuta kwenye kompyuta si kuungama.

Nikakumbuka Injili ya Marko, sura ya 7: yule mtu kiziwi ambaye pia alisema kwa shida. Yesu alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akasema Efatha, yaani funguka. Masikio yakafunguka, na ulimi ukalegea. Hata katika ibada ya ubatizo wa watoto ipo Efatha: masikio yanaguswa, kisha mdomo. Mimi nilikuwa nimeruka hatua ya kwanza. Nilitaka kutoa neno kabla ya kulipokea, kama ile pini kwenye tundu la kijani.

Asubuhi nikamfuata Mama jikoni. "Shikamoo Mama. Jana nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe."

Akaniangalia. "Kumbe ulijisikia?"

"Nimejisikia, Mama."

"Marahaba. Haya, shika kisu, menya vitunguu."

Tulienda Misa pamoja. Jumamosi iliyofuata nikaenda kuungama, ndipo nikarekodi upya. Nilianza kwa kuwaambia wenzangu kisa hiki chote.

Ndugu yangu, labda wewe huna maiki. Unaimba kwaya, unasoma somo la kwanza, unaongoza rozari. Leo usiku, kabla ya kulala, kaa dakika tano kimya, simu ikiwa mbali. Irudie siku yako kama unayesikiliza rekodi: ulimjibuje mama, mdogo wako, dada wa kazi? Ukikuta mahali pa kutia aibu, usipafute haraka. Mwombe Yesu asikilize pamoja nawe, kisha kesho kamtafute uliyemuumiza.

Tusali: Ee Yesu, fungua masikio yangu kabla hujafungua mdomo wangu. Nisikie sauti yako kwa wale ninaoishi nao nyumba moja. Amina.